Kiapo cha Mkahawa wa Kijani

Kosa la Prodromos lilikuwa mdomo. Angenyamaza tu siku ile, angejifanya anasafisha vikombe au amepaliwa na mate, mambo yasingefika yalikofika. Lakini Prodromos kunyamaza hakujui, na mkahawa wake jioni ile ulikuwa umefurika, na mwenye mkahawa uliofurika hujiona waziri mkuu.

Ilikuwa Juni mwaka 2004, Kombe la Ulaya linafunguliwa huko Ureno, na mechi ya kwanza ni wenyeji dhidi ya Ugiriki. Kijiji kizima cha Petrolofo kilikuwa mbele ya televisheni. Mlangoni alisimama Padri Zisis na glasi yake ya tsipuro, ile pombe ya zabibu inayounguza mpaka kisigino. Padri alikuwa mtu pekee kijijini aliyeruhusiwa kunywa pande zote mbili za uwanja wa kijiji bila kuulizwa swali, na labda ndiyo maana akajiona ana haki ya kuuliza yeye.

"Prodromos mwanangu, utavuka lini ukanywe kahawa na kaka yako?"

Ng'ambo ya uwanja wa kijiji kulikuwa na mkahawa mwingine, viti vyake vya buluu, na mwenyewe aliitwa Stergios. Yeye na Prodromos ni tumbo moja, na walikuwa na miaka kumi na moja hawajasemeshana. Zamani mkahawa ulikuwa mmoja, wa baba yao. Mwaka mmoja wa uchaguzi Prodromos alikwenda kuwasalimu wakwe, na aliporudi akakuta viti vyote vya baba vimepakwa buluu, rangi ya chama cha Stergios. Walitukanana mpaka mbwa wakakimbia. Mwishowe Stergios akasema, mbele ya wateja, kwamba baba yao angekuwa hai angemkana mtoto kama huyu. Prodromos alibeba nusu ya viti, akavuka navyo uwanja, akavipaka kijani, rangi ya chama chake, akafungua mkahawa wake. Tangu hapo watu wa buluu wanywe kule, watu wa kijani wanywe huku, na ndugu wawili wapishane kanisani kila mmoja akitazama mishumaa.

"Unataka jibu, Padri?" Prodromos alifuta mikono kwenye aproni, akainua mkono wa kulia kuelekea picha takatifu ya Nabii Eliya iliyokuwa juu ya jiko la kahawa. "Naapa kwa Nabii Eliya. Siku Ugiriki itakapochukua Kombe la Ulaya, nitavuka uwanja huu kwa miguu yangu, niingie kwa Stergios, nimpikie kahawa kwa mkono wangu."

Mkahawa ulivunjika mbavu. Ugiriki ichukue kombe! Timu ambayo tangu dunia iumbwe haijashinda hata mechi moja kwenye fainali za mashindano makubwa! Paskalis, kinyozi wa kijiji, alicheka mpaka kiatu chake kimoja kikamvuka, akasema, "Si ungesema tu huendi, bwana, kuliko kumsumbua Nabii?"

Ni mke wake Evanthia peke yake ambaye hakucheka. Alitokeza kichwa kutoka jikoni. "Umeapa kwa mtakatifu, Prodromos. Kwa mzaha."

"Mzaha wapi? Hiyo ni hesabu, mama. Waulize wanaojua mpira."

Mechi ikaanza. Na hapa ni lazima isemwe habari ya dishi. Mwaka ule Prodromos alikuwa amenunua dishi la setilaiti, kubwa kama karai la kufulia mazulia, kwa sababu moja tu: Stergios hana. Picha ilikuwa safi ajabu, ungeweza kuhesabu vifungo vya refa. Ila kulikuwa na kasoro ambayo muuzaji hakuitaja. Picha ile ilipanda mbinguni kwanza ndipo ishuke Petrolofo, ikachelewa muda wa mtu kupiga chafya mara tatu na kupangusa pua. Ng'ambo, Stergios na antena yake ya mabati iliyopinda, alipata picha yenye mvua na vivuli, lakini akaipata mapema.

Kwa hiyo Wagiriki walipofunga goli la kwanza, watu wa kijani walisikia kelele ng'ambo ya uwanja wakati mchezaji wao bado anakokota mpira. "Wamelewa hao," Paskalis akasema. Hajafunga mdomo, mpira huo wavuni. Wakatazamana. Kwenye kipindi cha pili ikawa hivyo hivyo, kelele kwanza, goli baadaye. Filimbi ya mwisho ilipolia, Ugiriki mbili, Ureno moja.

Watu walikumbatiana, wakapanda juu ya meza. Prodromos alipiga kelele kuliko wote, akagawa tsipuro bure, jambo ambalo halikuwahi kutokea na Evanthia hakulisahau. Katikati ya furaha hiyo Padri alimgusa bega. "Imebaki michache tu," alisema, akacheka kwenye ndevu. Prodromos naye akacheka, ila kicheko hakikushuka vizuri.

Mechi ya pili walitoka sare na Wahispania. Ya tatu wakafungwa na Warusi, na hapo Prodromos aligundua jambo la aibu. Warusi walipofunga, alijiegemeza kitini. Alipumua. Yeye, Mgiriki, aliyelilia timu hii tangu ana meno ya utoto, alipumua kwa raha kwa sababu Ugiriki inafungwa! Aliingia jikoni akajimwagia maji usoni.

"Kwa hiyo siku hizi unawashangilia Warusi?" Evanthia akamuuliza, kisu mkononi, nyanya mbele yake.

"Punguza sauti, watu watasikia!"

"Basi wasikie. Mtu mzima unaogopa kahawa."

Lakini kufungwa kule hakukumwokoa. Hesabu za magoli zilipopigwa, Ugiriki ikapita. Robo fainali ikawa dhidi ya Wafaransa, mabingwa watetezi, na kijiji sasa kikaingia wazimu wa bahati. Kila mtu alilazimishwa kukaa pale pale alipokaa siku ya Ureno, na nguo zile zile. Paskalis ilimpasa avue kiatu kimoja kabla ya mpira kuanza. Padri Zisis, maskini, kwa kuwa siku ile alikuwa amesimama, hakuruhusiwa tena kukaa, na goti lake bovu. Aliyethubutu kwenda chooni Ugiriki ikishambulia alirudi akakuta anatukanwa. Na bahati kubwa kuliko zote, watu walikubaliana pande zote mbili, ilikuwa kile kiapo chenyewe: ndugu hawa wakae walivyo, kila mmoja upande wake, mguu usivuke mpaka kombe liletwe.

Wafaransa wakaenda kwao. Goli moja, kichwa. Kelele za buluu zikalitangulia kama kawaida. Nusu fainali, Wacheki, muda wa kawaida ukaisha bila goli, wakaongezewa, na dakika za kwanza za nyongeza zilikuwa zinakwisha Wagiriki walipopata kona. Hata mpigaji hajauweka mpira chini, ng'ambo ya uwanja kukalipuka. Watu wa kijani wakaruka juu wakakumbatiana, wakalia machozi, na mpira wenyewe ulipopigwa na kugongwa kichwa na kuingia, hakuna aliyekuwa anatazama isipokuwa Prodromos. Aliliona goli lile kama mtu anayesomewa barua ambayo jirani ameshaifungua.

"Wameniibia!" alifoka, akapiga kaunta. "Maisha yangu yote nimengoja kuona Wagiriki wakifunga goli la namna hii, nilione kwa macho yangu, linishtue! Na yule mtu wa ng'ambo ananiibia kila moja kabla halijanifikia!"

"Rudisha antena ya zamani," Evanthia akasema.

"Iko wapi?"

"Kwa Padri. Kuku wake wanailalia."

"Na wailalie! Dishi sitoi." Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Sijaona hata goli moja, Evanthia. Ugiriki inaingia fainali, na mimi sijaona goli."

Watu walikuwa wanaimba, hawakumsikia. Padri Zisis alimsikia. Alimaliza glasi yake, akaiweka chini polepole, akavuka uwanja kuelekea viti vya buluu, akichechemea.

Siku zilizobaki kabla ya fainali Prodromos hakupata pa kujificha. Fainali ilikuwa Jumapili, na Ureno tena, safari hii mjini Lisbon, na kila aliyepita alikuwa na lake la kusema. "Prodromos, umeshapiga viatu rangi?" "Prodromos, kaka yako kahawa anaitaka ya sukari au kavu?" Alijua, tena alijua vizuri mno. Stergios hunywa ya sukari kidogo, ichemke mara mbili, na povu lisivunjike, likivunjika hanywi. Kwamba bado alikumbuka hivyo kulimuudhi. Usiku wa kuamkia Jumapili ndipo alipojiuliza swali alilokuwa akilikwepa: anataka nini hasa? Akitaka kombe, ni lazima avuke. Asipotaka kuvuka, ni lazima Ureno ishinde, na mechi ikiisha hakutakuwa na kiapo tena, wala sababu nyingine ya kwenda kule mpaka mmoja wao azikwe.

Jumapili jioni hapakubaki mtu nyumbani Petrolofo. Televisheni mbili zilitolewa nje, moja kila upande, na viti vikajazwa mpaka pembeni ya kisima cha maji katikati ya uwanja, ambapo hakuna aliyekaa, maana pale ni mpaka. Paskalis kiatu kimoja. Padri kasimama. Prodromos kwenye kiti chake karibu na mlango, aproni kiunoni, mikono imelowa jasho.

Kipindi cha kwanza Wareno walishambulia kama nyuki, na kila mara Prodromos alifanya alichozoea: sikio moja aliliacha ng'ambo. Kule kukiwa kimya, alijua hakuna litakalotokea, akapumzika. Mtu wa ajabu, alikuwa anatazama mpira kwa masikio.

Kipindi cha pili kilikuwa hakijakolea, Wagiriki wakapata kona upande wa kulia. Prodromos akatega sikio. Kimya. Si kikohozi, si kiti kulia. Kona ya bure hii, alijisemea, akanyoosha mguu uliokufa ganzi. Mpira ukapigwa. Ukapanda, ukajipinda, kipa akatoka, akapotea njia, na katikati ya mabeki kikainuka kichwa kimoja tu, kirefu kuliko vyote, kikaugonga chini.

Wavuni!

Alishtuka. Lilimgonga kifuani kwa ghafla, zima, bichi, halijaguswa na mtu, na kiti kikaanguka nyuma yake na mikono yake ikawa juu na sauti ikamtoka ambayo Evanthia aliapa baadaye kwamba hakuwahi kuisikia hata siku ya harusi. "Goooli! Nimeliona! Evanthia, nimeliona!" Paskalis alimrukia mgongoni. Padri alimbusu kila aliyekuwa karibu, wa kijani na wasio na rangi.

Ndipo Prodromos akageuka kutazama ng'ambo, kwa nini kimya.

Watu wa buluu wote walikuwa wamesimama. Wote. Mikono midomoni, mishipa imewatoka shingoni, mmoja ameuma kofia yake, mwanamke mmoja amejifunika uso kwa kitambaa na mabega yanamtikisika. Na mbele yao, mgongo kwenye televisheni, Stergios ametanua mikono miwili kama mtu anayezuia mbuzi wasikimbilie barabarani, kidole kimoja hewani, bado, bado, na shingo yake imegeuka kuvitazama viti vya kijani. Alikuwa anamtazama yeye. Alipoona mikono ya mdogo wake iko juu, akashusha ya kwake, na upande wa buluu ukalipuka mpaka njiwa wakaruka kwenye mnara wa kanisa.

Prodromos alitaka kwenda saa ile ile. Hatua moja tu alipiga, Paskalis akamdaka kwa mkanda wa aproni.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Ng'ambo."

"Una kichaa! Goli moja kwa bila, nusu saa imebaki, unataka kutuletea nuksi? Kaa!"

"Kaa!" wakafoka wa kijani. "Asivuke huyo!" wakafoka wa buluu, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja vyama viwili kufoka jambo moja. Padri akainua kiti, akamkalisha kwa mabega. "Kiapo kilisema kombe, mwanangu, si goli. Tulia."

Nusu saa ile ilikuwa mateso matupu. Wareno walikuja kulia, wakaja kushoto, wakapiga mashuti yaliyofanya wanaume wazima wafumbe macho, na kila mpira ulipopita karibu na mwamba Prodromos alihisi ni roho yake inayopita. Sasa alilitaka kombe kwa wazimu. Alimwomba Nabii Eliya, akamwomba mama yake marehemu, akaahidi mishumaa ya urefu usioingia mlangoni. Mtu mmoja alipouliza imebaki dakika ngapi, watu watatu walimnyamazisha kwa pamoja. Na kisha, dakika za nyongeza zimeshatangazwa na Wareno wote wako golini kwa Wagiriki, wazo jingine likamjia Prodromos, jepesi kabisa, akashangaa lilikuwa wapi siku zote. Hata wakisawazisha, atakwenda. Hata wakifungwa tano. Kombe ni la wale vijana, wafanye nalo watakavyo.

Aliacha kutazama televisheni. Akamtazama Stergios.

Stergios alikuwa tena mbele ya watu wake, mara hii amekaa, viganja vimebana magoti. Prodromos alimwona akisimama. Alimwona akivua kofia, kichwa chake kimebaki na mvi chache tu, lini hizo, akiifunika usoni na kuiondoa, na uso ukaonekana umelowa kabisa na unacheka. Nyuma yake watu wa buluu walishikana mikono na kuziba midomo, hawapumui.

Prodromos akasimama, akafungua aproni, akaiacha ianguke.

"Kaa chini!" Paskalis akapiga yowe. "Wareno wana mpira! Tazama, wanapiga!"

"Imeisha."

"Imeisha nini? Bado inachezwa!"

"Nimeuona uso wa kaka yangu," Prodromos akasema. "Imeisha."

Akaanza kuvuka. Nyuma yake mtangazaji wa dishi alikuwa bado anatetemeka kwa hofu, mpira bado uko hewani golini kwa Wagiriki, na wa kijani bado wanamlaani kwa majina ya kila aina. Alikuwa amefika kwenye kisima filimbi ilipomfikia mgongoni. Hapo tena hakuna aliyezuiwa. Uwanja mzima uliinuka kwa sauti moja, kengele ya kanisa ikaanza kugongwa na mtu ambaye hakuwa Padri, viti vikaruka, kijani na buluu vikachanganyika, na katikati ya vurugu hiyo Stergios alikuwa ameshaacha mkahawa wake na anakuja, mbio za mzee, kofia mkononi.

Walisimama pua kwa pua. Watu waliwapisha kidogo.

"Uliliona?" Stergios akauliza. Ndilo neno la kwanza.

"Nililiona lote. Tangu mpira unapigwa." Prodromos alikuwa analia na hakujali nani anamwona. "Na wewe? Si zuri, Stergios? Umeona alivyopaa?"

Stergios akatikisa kichwa.

"Mimi sikuona. Kona ilipotengwa niliwageukia hawa wapumbavu, ningechelewa wangepiga kelele. Nilisikia tu wamevuta pumzi."

Goli kubwa kuliko yote ambayo nchi yao iliwahi kufunga, na huyu ameligeuzia mgongo. Prodromos akamshika kaka yake mikono yote miwili, akamkalisha kwenye ukingo wa kisima, akapiga magoti mbele yake katikati ya fataki na kengele, akalazimika kupiga kelele ili asikike.

"Basi sikiliza, nikusimulie. Kona ilikuwa ya upande wa kulia..."